Mshororo wa Nne

Chumba namba kumi na saba, Ibra,
Jumapili ya kwanza ya muhula.
Kiyoyozi kinaguguna kama mbuzi.
Waliojiandikisha kumi na wawili, waliokuja tisa,
na mmoja wao kakosea mlango, ila kaona haya kutoka.

Kalamu ya ubao ilikauka katikati ya neno.
Nilitaka kuandika USHAIRI WA KISASA: UTANGULIZI.
Likaishia UTANGU,
nao wakanakili hivyo hivyo.

Nina karatasi zangu saba.
Ya kwanza inasema: usasa ni kuvunja.
Ya pili inauliza: kuvunja nini?
Hiyo niliiandika usiku, asubuhi sikuwa na moyo wa kuifuta.

Shuweikha, mwenye Kiswahili cha bibi yake wa Wete,
anaipunga karatasi niliyowagawia.
"Mwalimu, hili halina vina, halina mizani.
Basi nami nikiandika vya dukani,
mchele,
limau kavu,
sabuni ya unga,
kila kimoja na mstari wake,
nimekuwa malenga?"

Wanacheka. Nami nacheka, maana jibu sina.
Kisha nasikia mdomo wangu ukisema:
Inategemea nani aliyetumwa, na kama alirudi.
Kicheko kinapungua. Hakiishi.

Nyuma kabisa anasimama Muhanna,
vumbi la shamba kwenye pindo la kanzu.
Babu yake alikuwa arifu wa falaji,
mgawa zamu za maji kwa kijiti na kivuli
kabla zamu hazijaanza kuuzwa kwa simu.
Anafunga mikono mbele, kama mtoto mbele ya ustadhi:

*Saa yangu ni kivuli, kijiti ki mchangani,*
*Nimegawa kwa adili, maji yaje mashambani,*
*Zamu yako ni ya pili, subiri wangu jirani,*

Akanyamaza.

Tukangoja kituo.
Masikio yetu yalikwisha kunyoosha kiganja,
*li* huku, *ni* kule,
kama bustani inayojua maji yako kona ya pili.

"Na wa nne?"
"Wa nne haupo.
Tangu kiharusi, akifika hapo midomo inakwenda,
sauti haiji.
Anapiga kidole gotini mara kumi na sita.
Nimehesabu.
Halafu anaomba kahawa."

Shuweikha hakungoja. Kwao tungo ni kama kusuka ukili:
*Atakaye kubadili, na aulize mizani.*
Nikauhesabu kwa mazoea, umetimia.
Darasa likapumua.

"Mzuri," Muhanna akasema. "Lakini si wake.
Usinijazie."

Karatasi zangu nikazilaza kifudifudi.
Miaka yote nimewasimulia wanafunzi
watu waliokuja na nyundo:
waliovunja kwa ubishi, kwa ujana,
kwa kuchoshwa na mashairi ya kusifia wakubwa.
Walikuwapo, simkani hata mmoja.
Sikuwahi kumtaja aliyekaa kitandani pa mzee,
akaona kidole kinahesabu kitu kisichosikika,
akakataa kudanganya.

Sijui kama huo ndio usasa.
Mtihani utauliza tarehe.

Nikasema: kazi ya wiki ijayo.
Andikeni mishororo mitatu.
Wa nne muuache mtupu,
lakini mtupu uliopimwa.
Nitajua aliyeacha kwa uvivu.

Yule wa mlango uliokosewa akanifuata koridoni.
"Samahani, hii haikuwa Uhasibu?"
Hapana, nikamwambia.
Akatazama daftari lake: UTANGU, na chini yake
vijiti kumi na sita, vinne vinne, vimekatwa kwa mkwaju
kama hesabu ya magunia.
"Basi nitakuja," akasema.

Usiku, jikoni, niliweka kidole gotini.
Nilifika kumi na nne,
maziwa yakafurika.