Kitunguu Hakina Kola

Upepo wa hapa Trieste jina lake Bora,
na una ubora gani, sijaona.
Umeanza saa kumi alfajiri. Umeng'oa antena ya jirani,
umelaza pikipiki kumi na moja mtaani,
ubavu kwa ubavu, kama dagaa,
na babu yangu Nereo, aliyeendesha winchi bandarini miaka thelathini,
amekaa ukingoni mwa kitanda, kifua wazi,
anasema: Mirna, leo tunakwenda kunywa kahawa.

Leo? Redio imesema tukae ndani.

Redio, anajibu, haina koti.

Basi tunaanza.
Kwanza fulana ya sufu nyembamba, ile isiyoonekana,
ile ya bei kubwa kuliko zote.
Mkono wa kushoto utangulie, huu uliolala tangu Agosti
na hauna habari ya kuamka;
nauingiza kama mtu anayemrudisha paka kikapuni,
taratibu, kwa maneno ya uongo.
Kisha shati la flaneli, samawati iliyochujuka.
Vifungo nafunga mimi. Cha juu anafunga mwenyewe,
kwa mkono mmoja, dakika nne, ncha ya ulimi nje,
nami natazama dirishani.

Kizibao kilikatwa kwenye koti la marehemu baba yake.
Bitana yake hariri, rangi ya zabibu.
Anasa, anasema, huwekwa ndani, kama akiba.

Mbele ya kioo ananisomesha, kana kwamba nimeuliza:
chembamba ndani, kizito nje.
Mkono wa shati uchungulie kwenye koti upana wa kidole,
usizidi; ukizidi unaomba.
Mistari na miraba huweza kukaa nyumba moja
mradi mmoja azungumze kwa sauti ya chini.
Na rangi moja tu ipewe ruhusa ya kupiga kelele.
Leo ni skafu. Haradali.

Watu wa hapa husema, kwenye baridi vaa kama kitunguu.
Niliwahi kumwambia hivyo. Akanitazama,
mimi na jaketi langu lililovimba kama andazi,
akasema: Kitunguu hakina kola.

Koti la twidi.
Juu yake koti refu, rangi ya majivu,
zito kama mtoto aliyelala.
Dakika arobaini na tano. Mimi natoka jasho,
naye, zile kilo kumi na mbili alizoziacha hospitali
zimemrudia tabaka kwa tabaka,
mabega yamejaa,
na kwa kitambo ni yule mtu wa kwenye picha
aliyesimama chini ya winchi, mkono mfukoni.

Nje, Bora unachukua kofia yangu kabla sijafunga mlango.
Yake haijatikisika.
Tunakwenda tumeegemea ukuta, hatua, pumziko, hatua.
Upepo unampapasa, unatafuta pa kuingilia,
unapita koti, unapita twidi,
unakutana na babake.

Mkahawani joto linatupiga usoni. Nereo!
Wazee wanne wanaweka karata chini.
Egidio anaishika skafu kwa vidole viwili, anapiga mbinja.
Koti refu linatundikwa. La twidi linatundikwa.
Kwenye kizibao anagoma.
Vua, anasema Egidio, utaiva.
Jasho limeanza kumtiririka sikioni.
Nainama: Babu, nikusaidie?

Ananivuta karibu kwa ule mkono unaosikia.
Mirna, ananong'ona, mgongoni hukupiga pasi.

Kweli. Jana usiku nilinyoosha kola, na pindo za mikono,
na kifuani hapo juu, kizibao kinapoanzia,
nikazima pasi nikaenda kulala.

Nanyamaza.
Wala mimi sikuwa napiga, anasema. Miaka hamsini.
Bibi yako amekufa hajui.

Kisha anakaa wima, mwekundu kama tofali,
anaagiza kahawa mbili,
na kumwambia Egidio agawe karata.