Tanbihi ya Arobaini na Moja

Dakta Chiduo amezungushia kalamu nyekundu,
kando ameandika: "Hii ni data au ni huruma?"
Huku Chimwaga upepo unagonga madirisha,
vumbi limelala juu ya sura ya nne.

Nilikwenda Kondoa kwa basi la alfajiri.
Bi Mwanahija Isuja akafungua sanduku la bati:
shuka ya marehemu, stakabadhi za alizeti,
na chini kabisa utenzi wa babu yake,
herufi za Kiarabu, maneno yetu,
pembe moja imeliwa na mchwa.

Mkononi nilikuwa na ile iliyopigwa chapa.
Nikahesabu kwa kidole, yeye kwa tasbihi.
Yake: beti mia mbili na nne.
Yangu: mia mbili na tatu.

Uliopotea ni huu:

*Wino umenikatika,
na mvua haijafika,
mbuzi wa deni katoka,
msomaji nisamehe.*

Mpiga chapa aliuona, akauruka.
Simlaumu. Herufi za risasi ni nzito;
nani atapanga mbuzi wa mtu
moja moja, kinyumenyume, kwa taa ya chemli?
Ila tangu siku hiyo
tumesoma wote bila kuombwa radhi.

Bi Mwanahija hakuuliza habari za chapa.
Alifunga sanduku, akakalia kifuniko:
"Na deni lenyewe, lilikwisha?"

Ni data, Dakta.
Mbuzi mmoja.