Jumapili ya Kibuye

Jumapili ile, sokoni Kibuye, hapakutokea kitu.
Naandika hivyo maana hakuna mwingine atakayeandika:
omena ilipimwa kwa gorogoro lililobonyea,
Mama Apondi akamtukana mwenye mkokoteni,
mtoto akapotea saa tatu, akaonekana saa tatu na robo
nyuma ya mitumba, amelalia koti zito
la nchi nisiyoijua baridi yake.
Jioni tukafagia maganda, tukaenda zetu.

Kaka yangu Emodo alifika Jumanne kutoka Busia,
buti zake zina vumbi la ng'ambo zote mbili.
Akala ugali kimya. Akalala kutwa, akalala na usiku.
Alipoamka akauliza, "Jumapili uliuza?"
Nikasema niliuza.
Akacheka, kicheko kikamkatikia kooni.

Mengine nimeyaunga mwenyewe,
kama anayeshona kiraka gizani:
karani wa Mogadishu aliyelisoma jina mara mbili;
mwanamke wa Kampala aliyepiga simu usiku wa manane
badala ya kungoja barua ipate muhuri;
na Okiror, askari wa upande wa pili wa kizuizi,
aongeaye Kiteso kile kile cha kwetu,
babu zetu waligawanywa kwa rula na mtu asiyewajua.
"Lori la mahindi," alisema. "Turubai la buluu. Usiliache."

Zamani hatukuwa hivyo.
Wenzetu walinyolewa, nasi hatukutia maji;
tulisema kichwa ni chao, na wembe ni wao.
Hadi wembe ukajifunza njia ya kuja kwetu,
majina yakasomwa redioni, marefu,
nasi tumesimama, chai inapoa mikononi.

Lakini sifa tupu sitazitoa.
Juma lile lile walimchukua Swaleh,
kijana wa Mumias aliyeshona mstari wa tatu hapa sokoni,
kwa kuwa jina lake lilifanana na jina.
Cherehani yake imefunikwa leso.
Mkewe hununua kwangu omena ya shilingi hamsini,
huuliza kama kaka amesikia lolote.
Nampimia, naongeza kiganja. Sina kingine.
Simu iliyovuka nchi tatu usiku mmoja
haijavuka bado ukuta wa seli moja.
Nilimwambia Emodo hayo.
Akatazama buti zake. Akasema, "Nipe jina lake kamili."
Nikaliandika nyuma ya risiti, kwa herufi kubwa,
ili safari hii wasome mara mbili.

Alfajiri akarudi mpakani.
Akaomba omena ya kubeba, mafungu mawili:
lake, na la Okiror.
"Yafunge mbalimbali," alisema.
Nikayafunga pamoja, gazeti moja, kamba moja.
Watagawana wenyewe, pale pale kwenye kizuizi.