Nyuma ya Kadi

Aliingia ananukia sabuni ya mche
na chini ya sabuni, moshi.
Juni, Uyole, saa mbili asubuhi,
ukungu umekalia mashamba ya viazi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Tusajigwe. Mimba ya kwanza. Wiki ya kumi na nane.
Nikamuuliza ya kwenye kadi: umri, damu, chandarua,
hadi lile swali ambalo kadi haina mstari wake.

"Sivuti," akasema,
akificha vidole viwili chini ya khanga.
Nilikwisha viona. Vilikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Siku hiyo niliharibu.
Nilisema njiti, nilisema pumzi, nilisema kaburi dogo,
nikamsomea kama hakimu anayewahi chakula cha mchana,
na mabenchi ya nje yakanyamaza yasikie.
Mwezi mzima hakurudi.

Nikamfuata Jumapili, na viatu vya mpira.
Alikuwa anamenya viazi. Kiti hakunipa;
nikafudikiza ndoo, nikakaa.
Viazi vitatu. Vinne. Cha tano akaanza mwenyewe:

Mtanila, kule Chunya, nina miaka kumi na miwili,
bani la tumbaku la mjomba.
Moto haulali, na wewe usilale;
ukisinzia majani yanaungua
na ada, na bati, na mwaka wote wa watu wazima.
Mjomba akaniviringishia jani kwenye karatasi ya daftari,
daftari langu, la hesabu.
"Vuta, usingizi utakimbia."
Ukakimbia. Haujarudi sawasawa mpaka leo.

"Sasa wewe, nesi, unasema niache.
Ambonisye akiondoka na lori la viazi,
nikae na nani?"

Sikuwa na jibu. Chuoni hawakunipa.
Nilikuwa na kile kipembe cha kusikilizia, cha bati, kimepinda mdomo.
Nikamlaza mkekani, nikatega sikio,
nikatafuta, nikapata,
nikamgongea kwa kidole kwenye kiganja
kile ambacho sikio langu lilikuwa linasikia:
ti-ti, ti-ti, ti-ti,
mbio, kama mtu anayeshuka mlima na habari.

"Mbona anakimbia? Ni mimi?"

Ningeweza kumtisha hapo. Mlango ulikuwa wazi.
"Wote hukimbia hivyo," nikasema,
naye akalia kwa mara ya kwanza.

Tukageuza kadi, nyuma, pasipo na mistari.
Kumi na moja kwa siku.
Tisa. Tisa. Sita.
Kajigili wa kibandani akaapa hatamuuzia hata moja,
akamuuzia karanga, kwa bei ya sigara, mwizi yule.
Ambonisye akahamishiwa nje na zake,
kisha nje ya uzio, kisha ng'ambo ya mtaro,
akivuta huku meno yanagongana kwa baridi.
Mbili. Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Saba.

Ile saba aliileta mwenyewe, siku ya pili ya msiba wa mama mkwe,
akasimama mlangoni akisubiri hukumu.
Nikaandika saba.
Nikamenya ndizi, nikamkatia nusu.
"Na leo?"
"Leo bado," akasema. "Usiku nagonga kiganja.
Wakati mwingine inasaidia. Wakati mwingine nagonga mpaka panauma."

Sifuri. Moja. Sifuri.

Novemba, mvua ya kwanza inapiga bati, amejifungua msichana,
kilo mbili na nusu kasoro kidogo,
na kile kidogo nimekiwaza njia nzima ya kurudi nyumbani.

Leo amekuja kwa chanjo. Sikumuuliza;
penseli ilikuwa mezani, aione.
Alikuwa anamgonga mtoto mgongoni, polepole, acheue,
nami nikatazama vile vidole viwili:
ngozi imerudi, rangi imebaki ncha za kucha tu,
kucha mpya inaisukuma nje.

Kucha haina haraka.
Akavuta penseli, akageuza kadi.