Liki Nne

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vyuma lililofungwa,
saa moja na nusu usiku, Jumanne na Alhamisi,
tunapanda ngazi tukihema, watu wazima na mikoba ya shule.
Nina miaka sabini na mmoja. Penseli yangu kaichonga mjukuu.

Mwalimu Zuriñe angeweza kuwa binti wa binti yangu.
Anachora jedwali ubaoni, anasema: tazameni,
kitenzi hiki ni punda, kabeba watatu:
mtoaji, mpewaji, na kile kinachotolewa.
Na vikiwa vingi, pachikeni *zki*.

*Zki!* Ghizlane anacheka: kiberiti kilicholowa.
Fermina hacheki. Yeye alizaliwa ndani ya lugha hii
na shuleni wakaing'oa, jino baada ya jino.
Sasa analipa ada ili arudishiwe kinywa chake.

Mimi nilikuja na treni kutoka Extremadura,
miaka kumi na tisa, sanduku limefungwa kwa kamba.
Kiwandani nilitengeneza karatasi, miaka thelathini na minane,
tani kwa tani, nyeupe, tupu.
Sikujua kwamba nilikuwa najitengenezea daftari.

Lakini mtihani hauko darasani. Uko Jumamosi,
soko la Tolosa, chini ya rasharasha
ambayo hainyeshi wala haikomi.
Mara ngapi nimefungua kinywa kwa Kibaski
nikajibiwa Kihispania, kwa upole, kwa huruma,
kama mzee anayeshikwa mkono na kuvushwa barabara
ambayo hakutaka kuivuka.

Leo nimeikariri sentensi tangu darajani,
midomo ikicheza peke yake;
mbwa wa mtu kasimama kunitazama.
Nimefika mbele ya yule muuza mboga wa Albiztur.
*Lau porru emango didazu?*
Nikalisikia kosa likianguka kabla halijagusa chini.
Liki nne, nimeziomba kana kwamba ni moja.

Ananyanyua macho. Nangoja Kihispania.
Anafuta udongo wa mizizi kwa kidole gumba.
*Dizkidazu*, anasema, taratibu,
kama mtu anayekufunga kifungo cha shati ulichokiruka,
kisha anaendelea, kwa lugha ileile, bila kunipunguzia mwendo:
kwamba mwaka huu zimechelewa, kwamba ni baridi,
kwamba binamu yake kafanya jambo fulani na trekta,
jambo ambalo sikulishika, nami nikatikisa kichwa
nikiombea lisiwe msiba.

Nimelipa. Nimeondoka na liki nne kwapani,
ndefu, shingo nyeupe, zikinichuruzia maji kwenye koti,
na juu yake ile silabi ndogo, ya tano,
ambayo hakuiweka kwenye mizani.