Kitanda Namba Kumi na Tisa

Kazi yangu ni kuhesabu vitanda.
Naanza saa mbili usiku, kwa penseli,
kwani kalamu huapa, na kitanda si kitu cha kuapia.
Wodi ya Mtakatifu Enda: ishirini na nane.
Wodi ya juu: ishirini na sita, ukiondoa kile kilichovunjika mguu.
Kisha nashuka korido ya dharura kuwahesabu wasio navyo,
waliolazwa juu ya machela za magurudumu,
nyayo zikigusa mlango wa choo.
Mzee Malachy Tuohy, mfuga kondoo wa Kilbrack,
usiku wake wa tatu huu, chini ya saa ya ukutani.
Ameniambia saa inachelewa dakika nne.
Ameniambia mara sita.

Waziri alikuja na koleo lililofungwa utepe,
akasimama kwenye maegesho yetu akatufundisha hesabu:
humu wamelala sitini wenye bima.
Wajengewe kwao, hapa hapa ubavuni, kwa fedha isiyo yenu.
Sitini wakihama, sitini wataingia.
Hesabu ya darasa la pili.
Nilipiga makofi, sioni haya kusema;
mvua ilikuwa inanyesha, hata hivyo niliyatoa mikono mifukoni.

Likainuka. Vioo, mbao za mwaloni, mgahawa wenye maua mabichi,
na daraja kutoka ghorofa yetu ya pili hadi ya kwao,
hatua arobaini na moja.

Na kweli, wiki ya kwanza tulipumua.
Bibi Dervla Mulkerrin nilimlaza usiku ule ule aliofika,
akalia machozi,
akidhani anayepewa kitanda upesi hivyo
hana budi kuwa anakufa.

Kisha daraja likafanya kazi ya daraja.
Daktari Prendergast akavuka saa nane mchana, akarudi Alhamisi.
Akavuka Gobnait wa chumba cha upasuaji.
Wakavuka Jincy na Sheeba, mabinti wa Kerala
tuliowasubiri miezi kumi wapate vibali,
nami sikuwalaumu: kule zamu huisha inapoisha.
Zikavuka nyonga, yakavuka magoti, ukavuka mtoto wa jicho,
kila ugonjwa unaojua kufuata ratiba.
Yakabaki mapafu. Wakabaki walevi wa Jumamosi, na kiharusi cha alfajiri.

Na saa tisa usiku, simu:
nyonga ya kule imeshikwa na homa, moyo unayumba,
nao hawana chumba cha mahututi.
Nasikia magurudumu darajani kabla sijaweka mkono wa simu chini.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Waziri hakulalia hata kimoja. Alihesabu vyuma.

Jumanne mama yangu alianguka bafuni.
Saa kumi na saba juu ya machela, kisha Mtakatifu Enda, namba kumi na tisa.
Akaja kijana wa tai: "Una bima, mama?"
Anayo. Amelipa miaka thelathini na minne,
tangu baba alipokuwa na duka la misumari, asiitumie hata siku moja.
Akanitazama mimi, si kijana.
Nikajibu kwa niaba yake.

Nilimsukuma mwenyewe. Hatua arobaini na moja.
Chumba chake kina dirisha, na nje ya dirisha mna kilima.
Akauliza, "Nani atalala pale nilipotoka?"
Nikasema, "Kuna mtu, mama. Namjua."

Nikarudi mbio kuliko inavyoruhusiwa.
Kumi na tisa kilikuwa kitupu,
shuka zimekunjwa, godoro limesimamishwa ukutani,
na karatasi imebandikwa kwa plasta ya kidonda:
KIMEFUNGWA. HAKUNA MUUGUZI.
Mwandiko ulikuwa wangu.
Niliziandika kumi na mbili Jumatatu, nikaziacha mezani
ili atakayezihitaji asisumbuke.

Nikashuka.
Mzee Malachy alikuwa macho.
"Zimekuwa tano sasa," akasema.