Kifungu cha Mengineyo

Mimi si msanii. Mimi natunza daftari,
orofa ya tatu, Winnipeg, juu ya duka la viatu,
ambako pumzi huganda kwenye kioo
na bomba la joto hukohoa kuliko wajumbe.
Kila Novemba bahasha huja. Watu thelathini na wanane
wanaomba tuwaagize filamu,
nasi tuna fedha za watatu,
tena watatu wasiokula sana.

Bahasha ya ishirini na moja: Rosenda Magpantay.
Video ya dakika kumi na moja
juu ya mikono ya mama yangu,
aliyeshona makoti ya baridi miaka ishirini na sita
katika kiwanda kilichofungwa bila kuaga.
Kamera: ya kuazima. Taa: mbili.
Ujira wangu: sifuri.
Na chini kabisa, kwenye kifungu cha mengineyo:
supu, wanawake saba, Jumapili nne.
Bila supu hawatakumbuka.

Kamati ilicheka. Halldóra, mwenyekiti, hakucheka.
Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.
"Huyu Sifuri ni nani?"
Tukanyamaza.
"Nauliza, nani atakula sifuri
wakati sisi tunakula biskuti hizi?"

Mkono mtupu haulambwi,
na mkono wenye njaa haushiki kamera,
hutetemeka, picha ikatetemeka nayo,
kisha sisi tukaita mtindo.

Nikafuta sifuri. Nikaandika kwa wino mwekundu
ujira wa miezi mitano, nauli ya basi,
yaya wa mtoto siku za kuhariri,
na supu, supu yote, pamoja na ndimu zake.

Februari ikapita. Machi. Filamu haikuja.
Wafadhili wakapiga simu: iko wapi?
Nikasema iko njiani. Njia gani, sikujua.
Nikamfuata. Nilimkuta chini ya ngazi za kanisa,
glavu zimekatwa vidole,
anatazama sekunde nane zile zile.
"Hapa," akasema, "nilimpa kitambaa ashone,
na hapa mkono unasita. Kwa nini unasita?
Nikijua, nitamaliza."
Sikudai kitu. Nilirudi ofisini
nikagonga muhuri: *mradi unaendelea vizuri*.
Kuna siku kumtegemeza msanii
ni uongo mdogo, uliopigwa chapa.

Mei, theluji ikawa matope.
Tuliweka projekta juu ya kreti,
tukaielekeza ukuta wa kiwanda chenyewe,
mikono ikapanda matofali, mikubwa kama milango.
Hapakuwa na uso. Hapakuwa na muziki.
Cherehani tu, na uzi.
Watu walikuja na viti vyao vya kukunja,
na mbwa mmoja aliyebweka kila sindano iliposhuka.

Mama mtu, Bi Perpetua, alikaa mbele
katika koti la mtumba, lebo ya kiwanda kile.
Lilipokuwa jipya, aliweza kulishona tu.

Dakika ya tisa, mkono ukasita.
Sekunde nane, ukuta mzima umeshika pumzi.
Akaniinamia, mimi, mtu wa daftari,
kwa kuwa nilikuwa karibu:
"Hapo ndipo kengele ya chakula ilipokuwa ikilia."
Kiwanda kimekufa mwaka wa tisa,
na kidole bado kinasikia kengele.

Nilimtazama Rosenda. Alikuwa amesikia.
Hakulia; alitoa kijidaftari mfukoni
akaandika, gizani, bila kutazama.

Chanda chema huvikwa pete.
Cha Bi Perpetua kilivikwa kastabini,
na usiku ule, mwanga.
Naye akakikunja ndani ya mkono, akasema,
"Mshono ule umepinda. Mwambie arudie."

Kesho yake nilifunga hesabu.
Supu ilizidi kwa dola kumi na nane.
Nimezilipa mwenyewe.
Risiti msiniulize.